Waraka kwa Wanachama Wenye Barua za Ajira Mkononi

Kwa wanachama wote wa umoja wetu wa wahitimu, mlioko Mbulu na Hanang, na mlioko Babati, Arusha, Dodoma na Dar es Salaam.

YAH: KUJIUNGA NA KAMPUNI AMBAZO POMBE NI SEHEMU YA KAZI

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa makanisani na wa misikitini, mnaokunywa na msiokunywa. Msimu huu umetuletea neema. Wenzetu kadhaa wamepata barua za ajira baada ya kukaa nyumbani muda mrefu na vyeti vyao kabatini, na wazazi waliouza vitunguu swaumu vya Bashay ili kulipa ada wameanza kupumua. Pamoja na neema hiyo yamekuja maswali, na swali ambalo wengi wameniuliza halihusu mshahara. Wanauliza hivi: "Katibu, kampuni ni nzuri, ila wanakunywa sana. Niende?" Kamati imeniagiza nijibu kwa maandishi ili jibu liwafikie wote, hata wale wanaoona aibu kuuliza.

Jibu langu naliweka hapa mwanzoni. Usisaini mpaka ujue kama pale pombe ni starehe ya watu baada ya kazi, au ndiyo kazi yenyewe. Kama ni starehe, nenda, uishi unavyopenda. Lakini kama chupa ndiyo inayogawa maeneo, safari, vyeo na posho, basi mkataba wako una sharti ambalo halikuandikwa, na sharti lisiloandikwa ndilo gumu kuliko yote kulikataa. Hapo nawaomba mkatae. Na umoja huu una wajibu wa kumsaidia anayekataa, asiachwe peke yake na njaa yake.

Siandiki kumhukumu mtu kwa bia yake. Tuna Wakatoliki wanaokunywa baada ya misa na kurudi nyumbani wakiwa wazima, tuna Walutheri wa pande zote mbili, tuna Waislamu na Wapentekoste wasiogusa kabisa. Ninachokiandikia ni mamlaka: nani anaamua riziki yako, anaiamulia wapi, na saa ngapi.

Niliwahi kukaa mezani na timu ya mauzo ya kampuni moja ya pembejeo jijini Arusha, jioni ya Ijumaa, kwa mwaliko wa mwenzetu aliyekuwa kwenye kipindi cha majaribio. Tulifika saa kumi na mbili. Mhudumu hakumuuliza mtu anakunywa nini. Aliweka bia mbili mbili mbele ya kila kiti, hata kile ambacho mwenyewe alikuwa hajafika, kwa sababu meneja alikwisha kuagiza kwa simu. Mwenzetu akaomba soda. Ililetwa, na pamoja nayo ikaletwa glasi ya bia, akamiminiwa soda humo "ili usiharibu meza." Saa mbili usiku, nyama choma ikiwa imeliwa na sahani zimejaa mifupa, meneja akatoa daftari dogo mfukoni na kuanza kugawa maeneo ya mwezi uliofuata: nani aende Karatu na Mbulu, nani Babati na Katesh, nani abaki na maduka ya mjini ambayo kamisheni yake haifiki popote. Hapakuwa na kikao kingine. Hicho ndicho kilikuwa kikao.

Kijana mmoja alikuwa ameondoka saa moja na nusu kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa. Jina lake lilipofikiwa mtu alicheka, mwingine akasema "huyo bado anaishi kwa mama," na eneo lake la Katesh likaandikiwa jina la mtu mwingine. Jumatatu alikuta uamuzi umekwisha kupita, na hakuna karatasi hata moja ya kukatia rufaa. Hakulazimishwa kunywa. Hakuna aliyemshika shingo. Alikosa tu mahali ambapo riziki yake ilikuwa inagawiwa. Mnapouliza kama kampuni "inalazimisha" pombe, kumbukeni daftari lile. Anayekulazimisha kwa maneno unaweza kumshtaki. Daftari la baa halishtakiwi.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya mjini, au ni ya wageni, na kwamba sisi wa huku juu hatukuyajua. Si kweli, na ni vizuri tulijue la kwetu kabla ya kulaumu la wengine. Wairaqw walilima mashamba makubwa kwa kusaidiana, na mwenye shamba aliwapikia wenzake pombe ya mtama au mahindi. Kazi na pombe vilikaa nyumba moja. Lakini angalieni jinsi vilivyopangwa. Jembe lilitangulia, pombe ikafuata, na aliyelima ndiye aliyekaribishwa. Wazee waliketi kwa nafasi zao, sala ya slufay ikatamkwa na kuitikiwa, wakaombewa mvua na mifugo, na mlevi alikuwa na mzee wa kumwambia basi, nenda ukalale. Kwa Wadatoga wa Hanang, pombe ya asali ilikuwa kitu cha wazee na cha mambo mazito, hasa yale mazishi makubwa ya mtu mwenye heshima yanayoitwa bung'eda. Kijana hakujiamulia tu kuinywa. Mwanahistoria Justin Willis, aliyeandika kitabu kizima kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki mwaka 2002, anaonyesha jambo hilohilo katika jamii nyingi za kanda hii: kunywa kulifungamana na mamlaka ya wazee, na fedha pamoja na ajira ndivyo vilivyokuja kuivuruga mamlaka hiyo.

Kwenye meza ya kampuni utaratibu huo umepinduliwa. Mzee wa meza ni meneja, ambaye huenda ana miaka thelathini na mitatu. Yeye ndiye mwenye mshahara wako, yeye ndiye mwenye tathmini yako, na ndiye anayelipa bili. Hakuna wa kumwambia basi. Na anayekunywa naye zaidi ndiye anayesikilizwa zaidi, bila kujali aliuza mifuko mingapi ya mbegu. Ndiyo maana sikubaliani na ndugu zetu wanaosema kwamba kunywa na bosi ni "utamaduni wetu wa ukarimu." Ukarimu wa kwetu haukuwa na kipindi cha majaribio.

Kuna mfano mchungu zaidi kutoka kusini mwa bara letu. Katika mashamba ya mizabibu ya Western Cape, Afrika Kusini, kwa vizazi vingi wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu ulioitwa dop. Sheria iliukataza katika karne iliyopita, lakini mabaki yake yaliendelea hadi miaka ya 1990, na watoto waliozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tangu tumboni wapo wengi katika maeneo hayo hadi leo. Nasema mchungu kwa sababu mvinyo ulikaa mahali pa ujira. Mwajiri anapokupa pombe mahali pa haki yako, au anapoiweka pombe mlangoni mwa haki yako, usihesabu kuwa umepewa kitu.

Na kampuni kubwa za dunia zimeshaliona hili. Soko la bima la Lloyd's la London liliwakataza wafanyakazi wake kunywa saa za kazi mwaka 2017, mahali ambapo chakula cha mchana chenye pombe kilikuwa desturi ya miaka mingi. Kampuni ya Zenefits ya Marekani ilipobadilisha uongozi mwaka 2016, moja ya hatua za kwanza za mkurugenzi mpya ilikuwa kuondoa pombe ofisini. Nchini China, mwaka 2021, mfanyakazi wa kike wa Alibaba alieleza jinsi alivyodhulumiwa katika safari ya kikazi baada ya chakula cha jioni chenye pombe nyingi. Meneja akafukuzwa, na uongozi wa kampuni ukatamka wazi kwamba unapinga desturi ya kuwalazimisha watu kunywa. Ilibidi mwanamke mmoja aumie ndipo waandike walichokuwa wanakijua.

Hapo nawageukia dada zetu, na nawaomba kaka wasome aya hii kwa makini kuliko wote. Tunapozungumza kuhusu "kampuni inayokunywa," mwanamume anafikiria kichwa kuuma asubuhi. Dada anafikiria nani atamrudisha nyumbani, chumba cha gesti kina kufuli la namna gani, na atasemwaje Jumatatu akikataa kucheza muziki na mteja. Mauzo ya pembejeo, dawa za mifugo, bima na vinywaji ni kazi za safari, za kulala nje, za wateja wanaotaka "kukaa chini kidogo." Kampuni isiyoweza kumwambia dada, kabla hajasaini, atalala wapi akiwa Haydom au Bassotu, atasafiri na nani, na atampigia nani saa nne usiku, hiyo haijajiandaa kumwajiri. Hanang penyewe wanawake wa Kidatoga wana baraza lao, girgwageda gademga, ambalo tangu zamani lina uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza ng'ombe. Mabinti wa mahali penye baraza la namna hiyo wasiende mjini kukubali kwamba matusi ya mlevi ni sehemu ya kazi. Nanyi kaka mlio kwenye timu moja na dada yeyote, wa kwetu au wa kwingine: mkiona analazimishwa glasi, semeni hapohapo mezani, kwa sauti, bosi akisikia. Msimsubiri nje kumpa pole.

Sasa nizungumzie mwili, kwa kuwa hapa watu wengi wenye elimu hudanganyana. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, na halina haraka kwa ajili ya mtu yeyote. Chupa sita ni gramu 120. Aliyeanza kunywa saa kumi na mbili jioni na kumaliza sita zake atabaki na pombe mwilini angalau hadi saa kumi na mbili asubuhi, na akiwa na ini la taratibu, hadi saa tano asubuhi. Supu ya asubuhi haisaidii, kahawa haisaidii, maji baridi hayasaidii. Kuzimua kwa bia ya asubuhi kunaongeza deni tu. Sasa gari la kampuni linatoka Arusha saa kumi na moja alfajiri kuja kwetu. Dereva alikuwa mezani jana, kwa sababu dereva naye ni "mwana familia." Mkipanda mlima Magara kutoka Mbuyu wa Mjerumani, au mkipanda kona za kutoka Karatu kuja Mbulu mjini ukungu ukiwa umeshika barabara, mnaendeshwa na mtu ambaye bado hajamaliza Ijumaa yake. Kiwango cha sheria yetu ya usalama barabarani ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na dereva anaweza kuamka akijiona mzima kabisa naye bado amekizidi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na wataalamu wake wa saratani walikwisha kuiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Sitaendelea na hilo, mnasoma wenyewe. Ila kizazi chetu kina ushahidi wa karibu zaidi kuliko wa wataalamu hao. Tumeona jinsi viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilivyowaharibu vijana wa stendi zetu hadi serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Tuliowasindikiza baadhi yao tunajua kwamba hawakuanza kwa kutaka kuwa walevi. Walianza kwa kutaka kukaa na wenzao.

Kuhusu sheria, jueni yafuatayo ili msitishike wala msijidanganye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka wiki ya kazi kuwa saa 45, na saa za ziada zilipwe kwa mara moja na nusu. Kwa maoni yangu, kikao cha lazima cha baa kinachogawa maeneo ni saa za kazi, na anayekiitisha anapaswa kukilipia, ingawa simjui meneja aliyewahi kukijaza kwenye karatasi ya saa za ziada. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa misingi inayoitaja, ikiwemo dini na jinsia, na unyanyasaji kwa misingi hiyo unahesabiwa kuwa ubaguzi. Mwenye kuacha pombe kwa imani yake ana pa kushika. Asiyekunywa kwa sababu tu hataki hajatajwa humo. Na kubwa kuliko yote: mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Miezi hiyo sita ya mwanzo ndiyo hasa ambayo meza ya Ijumaa inakupima. Aliyevuka hapo na kufukuzwa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huenda haraka mno kwa mtu anayetafuta nauli, kwa hiyo msikae nazo.

Basi utajuaje kabla ya kusaini? Usiulize kwenye usaili, "Je, mnakunywa?" Watacheka, na hawatakuita tena. Uliza mikutano ya timu hufanyika siku gani, saa ngapi na wapi. Uliza maeneo ya mauzo hugawiwaje, na kama mgawanyo huandikwa. Uliza aliyepanda cheo mwisho alipandaje. Meneja mwenye majibu atajibu kwa dakika mbili. Asiye na majibu atakwambia "sisi hapa ni familia." Sikilizeni neno hilo. Familia yako inakujua ukiwa na homa.

Kisha zungumza na wale ambao kampuni haikutegemea uzungumze nao. Mlinzi wa getini anajua nani anarudi saa ngapi, na gari gani lilikwaruzwa lini. Mama wa kantini anajua Jumatatu wanakula wangapi na supu inaisha saa ngapi. Dereva anajua yote, ila hasemi mpaka akuamini. Mtafute aliyeacha kazi pale, sio aliyepo, kwa sababu aliyepo ana mkopo wa kulinda. Kama kampuni ina tawi au wakala Katesh au Mbulu mjini, nenda kama mteja siku ya Jumatatu saa tatu asubuhi, ukae kwenye benchi, uangalie. Hilo peke yake limemsaidia mwenzetu mmoja kuliko tovuti yote ya kampuni: alikaa hadi saa tano na nusu, akahesabu wateja waliorudi bila kuhudumiwa, akaondoka na jibu lake.

Msichanganye haya na aina ya biashara. Kuna kampuni inayouza bia na kumfukuza mfanyakazi anayeigusa saa za kazi, na kuna ofisi inayouza vitabu vya dini ambayo mkurugenzi wake hajui kufanya uamuzi akiwa mzima. Tazameni utaratibu wa ndani, msitazame bango la nje.

Najua kuna watakaosoma hadi hapa na kusema, Katibu anaandika kama mtu aliyeshiba. Nalisikia hilo na sitalizunguka. Wapo kati yetu ambao tangu maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh na Gendabi wanabeba nyumba mbili, ya kwao na ya ndugu waliobaki bila chochote. Mtu huyo akiletewa barua ya ajira, kumwambia "kataa" bila kumpa kingine ni kumtukana. Kwake nasema: nenda, lakini nenda na masharti yako mwenyewe, uyaandike na umwachie nakala mtu mmoja wa kamati. Andika utakaa muda gani, utaweka akiba kiasi gani, na ni jambo gani likitokea utaondoka siku hiyohiyo bila kungoja mwisho wa mwezi.

Ukishaingia, sema siku ya kwanza. Usisubiri Ijumaa ya nne. "Mimi sinywi" linatosha, tena kwa uso mkunjufu. Usisingizie dawa za vidonda vya tumbo, maana dawa huisha na utaulizwa umepona lini. Soda yako inywe kwenye chupa yake, isimiminwe kwenye glasi ya bia ili meza isiharibike. Meza haiharibiki kwa soda. Lipia ulichokunywa na ulichokula, kwa sababu ofa inajenga deni, na deni la baa hudaiwa mchana. Kaa mwanzoni mpaka mgawanyo wa kazi ukamilike, na kama mgawanyo huo unachelewa, mwandikie meneja ujumbe Jumamosi asubuhi ukimwomba athibitishe eneo lako la mwezi. Hapo umepata karatasi. Na fika Jumatatu kabla ya wote. Mfanyakazi asiyekunywa lakini mvivu hana hoja popote.

Ninyi mnaokunywa, msidhani hayo hayawahusu. Mna shida ya ziada, kwamba mtapendwa haraka. Tupige hesabu ndogo. Tuseme bia moja ni shilingi 2,500, na wewe kwa zamu unanunulia meza ya watu sita raundi moja kila Ijumaa. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa wiki na 60,000 kwa mwezi, kabla ya zako mwenyewe, kabla ya nyama na kabla ya bodaboda ya usiku. Msimu wa 2022/23 mfuko wa mbolea ya DAP wa ruzuku ulikuwa shilingi 70,000. Kwa bei ya msimu huo, kila mwezi unamwaga mezani karibu mfuko mzima wa mbolea ambao baba yako Dongobesh anautafuta kwa miguu. Jiwekee idadi yako kabla hujatoka nyumbani, usiendeshe chombo chochote usiku huo wala asubuhi yake, na usikubali kamwe kujadili mshahara, cheo au malalamiko ya mwenzako ukiwa na chupa mkononi. Kama ulishawahi kuhangaika na pombe ukaacha, kwako sina mjadala: kazi hiyo si yako, hata kama inalipa mara mbili. Hospitali ya Haydom, iliyoanza kuhudumia watu wetu mwaka 1955, inapokea pia wenye matatizo ya akili, na anayehitaji kusindikizwa huko aniambie mimi peke yangu. Siri haitatoka.

Watu wanapenda kutukumbusha kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ni methali nzuri kwa mgeni wa siku mbili. Mfanyakazi si mgeni. Anakaa, anazeeka pale, anapandishwa, na siku moja yeye ndiye atakayeshika daftari. Kila mmoja wetu anayepanda cheo bila kupitia kwenye chupa anawafungulia mlango wengine watano wanaokuja nyuma yake, na tayari tunao wenzetu Arusha na Dodoma walioweza. Waulizeni.

Nimalizie na yanayouhusu umoja wenyewe. Nitaleta mapendekezo matatu kwenye mkutano ujao, na naomba myafikirie kabla. La kwanza ni mfuko mdogo, utakaotoka kwenye ada zetu, wa kumkopesha bila riba mwanachama aliyekataa au aliyeacha kazi ya namna hii, umtoshe kodi ya chumba na chakula kwa miezi mitatu. Bila mfuko huo waraka huu ni maneno matupu kwa maskini. La pili, kila mwanachama mwenye makazi Arusha, Dodoma au Dar es Salaam ampokee mgeni mmoja wa kazi kwa mwezi wake wa kwanza. Kijana aliye peke yake mjini huenda baa kutafuta watu wa kuongea nao, si kutafuta bia. La tatu litauma kidogo. Sherehe yetu ya Desemba imekuwa ikinunua kreti za bia kwa fedha za ada, na wasiokunywa wamekuwa wakichangia bila kuulizwa. Napendekeza ada zilipie chakula, maji na soda, na anayetaka bia ajinunulie. Hatuwezi kuwataka mameneja wa watu watenganishe chupa na haki ya mtu wakati sisi wenyewe hatujatenganisha.

Kwa sasa, yeyote mwenye barua ya ajira ambayo hajaisaini asisaini peke yake. Ilete, au tuma picha yake kwa mjumbe wa kamati aliye karibu nawe, ukituandikia jina la kampuni, mji, na siku ya mwisho ya kujibu. Tunaye mwanachama mwanasheria atakayesoma mkataba, na tutakutafutia mtu aliyewahi kufanya kazi pale ili uzungumze naye kabla siku hiyo haijafika. Wenye barua zinazoisha mwezi huu waanze.

Wenu katika umoja,

Katibu